Yule Aliyetupandisha Mlimani

Wanaomsifu leo husema hakuwa na woga. Mimi niliyekuwa karibu naye miaka kumi na moja nasema alikuwa mwoga kuliko sisi sote. Ikisikika tarumbeta ya askari kwenye njia ya Kizuka, tumbo lake lilivurugika palepale. Alichukua kibuyu cha maji akapotea nyuma ya michikichi, na wanawake wenzake, waliokwisha kumzoea, wakawaambia watu, "Ngojeni. Mama anatengeneza tumbo." Kisha akarudi, midomo imemkauka, kaniki ameifunga kifuani, akasimama mbele ya askari walewale waliomkimbiza vichakani.

Siku moja nilimuuliza inakuwaje mtu anayeogopa hivyo asimame.

"Nikikaa, magoti inaonekana inatetemeka," akasema. "Nikisimama, nguo inafunika."

Tulimwita Mama wa Mwalo. Mwalo ni pale mitumbwi inapoburutwa kutoka ziwani kupanda mchangani, na kwetu Rumonge, wakati wa Wadachi, wale Wajerumani, mwalo ndio uliokuwa soko letu na mahali petu pa kuamuliana. Jina lake la kuzaliwa sikuwahi kulisikia. Alikotoka hakupenda kuulizwa, na hakuna aliyemshikilia, maana wengi wetu tulioitwa Waswahili pale pwani ya ziwa tulikuwa na kwetu tusikokutaja. Tulichojua ni kwamba alikuwa mjane, kazi yake kukausha ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, na mchanga wake wa kuanikia aliufagia mpaka ukawa safi kuliko mikeka ya watu wengine. Na aliipenda miguu yake. Kila siku baada ya kazi aliketi akaipaka mawese, kidole kimoja kimoja, hata mtu awe anamlilia shida yake. Angeitikia, "Endelea, nasikia," huku anasugua kisigino.

Jumbe wetu, yule aliyeandikwa bomani, alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mtu mpole sana. Maneno yake yalifika kooni yakageuka kikohozi. Mara ya kwanza Bwana Mkubwa wa boma alipokuja kutaka wanaume wa kubeba mizigo yake kuvuka milima, alitaka wanaume wote wenye mabega, na Jumbe akakohoa tu. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, walipokaa wanawake.

"Mukipeleka waume wote, nani ataingia ziwani? Na asikari wenu watakula nini wakirudi? Mchanga?"

Mkalimani alisita kuyatafsiri hayo. Bwana Mkubwa akamlazimisha. Alipoyasikia akacheka, akasema kwao wanawake hawasemi kwenye shauri, naye hatasikiliza shauri la mwanamke. Lakini alichukua nusu ya wanaume, nusu nyingine wakabaki. Wengine walirudi nyumbani wakasema Mungu mkubwa. Yeye alirudi nyumbani akafikiri.

Kesho yake asubuhi alikuja barazani kwangu. Nilikuwa mshonaji wa kanzu, mtu mzima mwenye mke na mtoto, na sauti yangu ilijulikana kwa sababu mimi ndiye niliyeadhini kwenye msikiti wetu mdogo wa matete. Alisimama akanitazama nikitunga uzi.

"Weye iko na sauti," akasema. "Miye niko na maneno. Muzungu hataki maneno yaliyovaa kaniki. Tuyavalishe kanzu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Tangu siku ile, kila tuliposikia baraza la boma linakuja, nilikwenda kwenye mchanga wake nikajifunza. Alisema bila kunitazama, anageuza ndagala kwa ufagio wa makuti, nami nafuata nyuma yake nikikwepa kukanyaga samaki. Nikikosea, alinigonga mguu kwa ufagio.

"Mukubwa usimpe sababu tatu," alinifundisha. "Atachagua iliyo na ugonjwa akupige nayo. Mupe moja."

Na tena: "Usianze na hapana. Mutu mwenye bunduki akisikia hapana, masikio yake inafunga. Sema ndiyo. Halafu uliza: vipi? Lini? Nani atalisha watoto? Mwache yeye mwenyewe afike kwenye hapana."

Hilo la mwisho ndilo alilolipenda zaidi, na kwa miaka mingi lilituokoa. Tulipotakiwa kulima njia wakati wa kuvuna muhogo, nilisema ndiyo Bwana, tena kwa furaha, lakini je, watu wa kazi watakula muhogo upi? Njia ikasubiri mwezi mzima. Walipotaka kutuhamishia mwalo mahali penye mawe, nilisema ndiyo Bwana, na mitumbwi itakayopasuka boma litatupa mingine lini? Mwalo haukuhama. Watu walinipa mkono, wakaniita fundi wa maneno. Yeye alikuwa kando anafukuza kunguru kwenye samaki wake. Jioni nikimpelekea habari alicheka amefunika mdomo, maana jino moja la mbele lilikuwa limetoka na hakutaka lionekane pengo, kisha akaniambia mahali nilipokosea.

Sitaki mtu adhani nasimulia habari za walii. Huyu mwanamke aliyepatanisha wavuvi wa Gitaza na wa Rumonge baada ya kupigana makasia hadi damu, hakusema na jirani yake wa ukuta kwa ukuta miaka sita kwa ajili ya kuku. Jirani alikwisha kumlipa kuku mwingine. Mama wa Mwalo alimla yule kuku, na hasira akabaki nayo.

Na kuna jambo la mtumbwi. Mvuvi mmoja Mrundi wa Kizuka alidai kwamba mmoja wa watu wetu wa Rumonge amemchukulia mtumbwi ulioachwa na dhoruba, akaufuta alama. Wote wawili waliletwa mbele ya Jumbe, yaani mbele ya kikohozi, na kila mtu alijua hukumu itatoka kwenye mchanga wa ndagala. Mimi niliuona ule mtumbwi. Alama ilikuwa imekwanguliwa jana yake, mti bado mweupe. Naye aliuona. Akahukumu kwamba mtumbwi ni wa mtu wetu.

Yule Mrundi hakupiga kelele. Alishukuru tu kwa Kirundi, "Murakoze, Mama," akaenda zake kwa miguu.

Tulipobaki wawili nilimwambia, "Mama, umeona ile alama."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Nimemwonea," akasema. "Yeye yuko peke yake. Huyu wa kwetu iko na kaka wanne. Nikimupa mgeni mtumbwi leo, kesho Muzungu akija, hao wanne hawatasimama nyuma yako." Akainama kugeuza samaki. Kisha akasema, "Usijifunze hiyo." Lakini nilikwisha kujifunza. Mwaka mzima alimpelekea yule mtu wa Kizuka ndagala wakavu kwa kila mtu aliyekwenda huko. Yule Mrundi hakuwahi kuwakataa, wala hakuwahi kuleta salamu.

Kisha malale yakaja. Kwanza tulidhani ni uvivu. Mtu anashika kasia anasinzia. Mwanamke anatwanga, mchi unamdondoka. Baadaye shingo zinavimba nyuma, mtu anakonda, anasema maneno ya hovyo, analala mchana na chakula mdomoni, na mwisho haamki. Tulisoma dua tukachinja mbuzi. Warundi nao walikwenda kwa waganga wao. Malale hayakuchagua kati yetu. Nyumba tatu upande wa kwangu zilibaki bila mtu, zikafungwa milango kwa miiba.

Bwana Mganga wa Wadachi alifika na askari na hema. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alipanga watu mstari akatupapasa shingo mmoja mmoja, na vidole vyake vilikuwa baridi. Akasema ugonjwa unaletwa na mbung'o, yule inzi mwenye kuuma anayekaa vichakani karibu na maji, na dawa ya kwanza ni watu wote waondoke pwani wapande mlimani. Nyumba zitachomwa, vichaka vitafyekwa. Hakuna ruhusa ya kuvua wala kushuka ziwani mpaka boma litakaposema. Alitupa siku tatu tujibu, ingawa jibu lilikuwa moja.

Tulikutana mwaloni, wanaume kwa wanawake. Mvuvi mmoja mrefu, mkongwe, aliyezika watoto wawili kwa malale, alisimama akasema, "Mitumbwi iko hapa. Tuingie tuvuke ng'ambo ya Kongo. Mutu wa samaki akipandishwa mlimani anakufa kabla ya mbung'o kumuua."

Wengi walimwitikia. Mama wa Mwalo alisimama.

"Ng'ambo iko Muzungu mwingine," akasema. "Na mbung'o huko hawajui kuvuka? Wangapi watazama na watoto? Huyu wa hapa tunamujua. Tumemushinda mara nyingi. Tumwambie ndiyo, halafu tumuulize vipi."

"Na akisema vipi mbaya?" mkongwe akauliza.

"Basi lawama yangu."

Watu walimsikia. Walikuwa wamemzoea kushinda. Ni yule mkongwe tu na jamaa zake, mitumbwi minne, walioingia majini kesho yake asubuhi bila kuaga.

Nikasimama mbele ya Bwana Mganga nikiwa na kanzu yangu niliyoifua. Nilisema ndiyo Bwana, tutahama, na tukauliza mambo matatu, moja moja, kila moja siku yake, kama alivyonipanga. Tungoje tung'oe muhogo kwanza? Akakubali. Michikichi isikatwe? Akakubali. Mutware wa mlimani, yule chifu mwenye ng'ombe, aambiwe atupe ardhi ya kulima? Akakubali, akaandika barua mbele yetu. Mkalimani alisema hajawahi kumwona Bwana Mganga akikubali matatu. Wanawake walipiga vigelegele. Mama wa Mwalo aliketi mchangani ghafla kama aliyekatwa miguu, na mara ya kwanza nikaona magoti yake jinsi yanavyotetemeka.

Tulipanda. Nyuma yetu nyumba zilichomwa, na moshi ulitangulia kufika mlimani kabla yetu.

Ahadi zote tatu zilitimizwa, na hakuna hata moja iliyotusaidia. Muhogo tuliong'oa uliliwa ukaisha. Michikichi haikukatwa, ila ilikuwa kule chini, na kule chini hakuendeki. Mutware aliisoma ile barua kwa msaada wa askari, akatupa ardhi: jiwe la mteremko ambalo ng'ombe wake walikwisha kulikataa. Watu wa mlimani walitusalimu "Amahoro", tukaitika, lakini wao wenyewe hawakuwa na akiba, na walituogopa kwamba tumebeba usingizi. Sisi tulizaliwa kwenye joto la ziwa, hatukuwa na nguo za ukungu. Watoto walianza kukohoa wiki ya pili. Wa kwangu alikohoa siku kumi na tisa. Tulimzika juu kule, upande wa juani, kwa sababu mama yake aliniomba awe kwenye jua.

Waliojaribu kushuka kutafuta samaki walikamatwa, wakapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele yetu sote. Kisha habari zikaanza kuvuka ziwa. Wale wa mitumbwi minne walifika. Wengine walikufa kwa malale hukohuko, ni kweli. Lakini walikufa wakila samaki.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa heri wangemtukana. Waliacha tu kumwambia kitu. Akipita, mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Wanawake aliowasimamia miaka yote walimwachia nafasi kubwa kisimani, kama unavyomwachia mgonjwa. Jirani yake wa kuku alikuwa amekufa njiani wakati wa kupanda, na nilimwona Mama wa Mwalo siku ya pili akiuliza watu kama yule marehemu aliacha neno lolote. Hakuacha.

Shemeji yake Jumbe naye akafa. Bwana Mganga akaniita, akasema watu wananisikiliza, nina sauti nzuri na sijawahi kumpinga, nitakuwa mimi. Nilikwenda kwake kwanza, kwa Mama, kumuuliza nikatae vipi. Nilimkuta ameketi mlangoni mwa kibanda chake cha nyasi, miguu imepasuka, nyeupe kwa vumbi.

"Pokea," akasema. "Wakileta mgeni itakuwa mbaya zaidi."

"Na nikipokea, nitafanya nini wakitaka watu wa kufyeka kule chini kwenye mbung'o? Nitasema ndiyo, halafu?"

Upepo ulikuwa unavuma. Alikuwa akikwangua kisigino kwa kijiti.

"Sijui," akasema.

Miaka kumi na moja sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Niliaga. Nilipokea cheo cha jumbe. Wakataka watu wa kufyeka, nikasema ndiyo. Sikuuliza kitu. Niliona kwamba nisipouliza mambo yanakwisha upesi, na mimi nalala. Nilipewa kofia nyekundu. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza kuezekwa vizuri pale mlimani. Nikapunguza kupita kwake, kisha nikaacha. Nilijiambia ni kwa ajili ya heshima yake, ili wasiseme Jumbe anaongozwa na mwanamke. Ukweli ni kwamba sikutaka anitazame.

Nilisikia kwa watu kwamba shingo yake imevimba na amepelekwa kambini, kule juu zaidi, ambako Bwana Mganga aliwakusanya wagonjwa awachome sindano. Ile sindano iliwaamsha wengine. Wengine iliwaamsha ikawanyang'anya macho.

Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa nimepanda kambini kwa kazi, kumpelekea Bwana Mganga majina ya wagonjwa wapya wa upande wangu. Wagonjwa walikuwa wamekaa nje kwenye jua la saa nne, mstari mrefu, wamejifunika magunia. Nilipita haraka. Mwanamke mmoja akasema, "Jumbe huyo anapita," na katikati ya mstari mtu akaanza kuinuka kwa kushika bega la mwenziwe.

Alikuwa Mama wa Mwalo, amenywea akawa mdogo. Macho yalikuwa wazi, yameelekea mahali nisipokuwa.

"Amahoro, Bwana Jumbe," akasema.

"Amahoro, Mama. Ni mimi."

"Najua ni weye. Sauti nimeichagua mwenyewe." Akatabasamu, na hakufunika pengo. "Habari za nyumbani? Mke?"

"Mzima."

"Mutoto?"

Nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwepo tulipomzika. Alishika kamba ya jeneza la matete. Nikasema, "Mzima."

"Shukuru Mungu." Kisha akapiga goti. Alilipiga polepole, anatafuta ardhi kwa mkono, na mimi, badala ya kumzuia, nilitazama kuona kama mlinzi wa kambi ananiangalia.

"Bwana Jumbe, niko na ombi. Nataka kushuka. Siku moja tu. Wanipeleke mpaka kwenye maji, nisimame, wanirudishe. Siombi samaki. Hata wakinifunga kamba ni sawa. Weye ukisema neno kwa Bwana Mganga atakubali, anakupenda."

Wiki ile ile watu wawili wa upande wangu walikuwa wamekamatwa pwani na wavu. Bwana Mganga alikuwa ameniuliza kama ninawaweza watu wangu.

"Nitauliza, Mama," nikasema.

"Utauliza?"

"Nitauliza."

Nilidhani atasema kitu, nikainama kumsikiliza, nikaona usingizi umemchukua palepale alipopiga goti, mdomo umefunguka kidogo. Mwenziwe alimvuta akamlaza begani mwake, akamfunika gunia. Mimi nikaenda.

Bwana Mganga alikuwa mezani mbele ya hema anakunywa chai. Alipokea majina yangu akayatazama, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Jumbe, watu wako iko na shauri? Iko neno?"

Kutoka pale niliuona ule mstari, na magunia, naye katikati.

"Hakuna neno, Bwana," nikasema.

Akanipa sukari kidogo kwenye karatasi nimpelekee mke wangu. Nikashuka.

Nilirudi kambini baada ya mvua za kwanza. Niliuliza habari zake kwa mlinzi, mtu mgeni aliyeletwa kutoka mbali. Alifikiri kidogo, akasema mwanamke wa namna hiyo alikufa siku ambayo walikufa wengine wanne. Akanipeleka nyuma ya kambi, akanionyesha safu ya makaburi. Udongo ulikuwa umeshuka sawasawa kwa mvua na hakuna aliyeweka alama. Nilimuuliza lipi. Akahesabu kwa kidole kutoka mwanzo, akakosea, akaanza upande wa pili, kisha akaacha.

"Ni mojawapo, Jumbe," akasema.

Nilivua kofia. Nilisimama katikati ya safu, nikawasomea wote Fatiha.